Kadi Moja, Masikio Manne

Pale Makanyagio, njia ya kwenda stesheni ya Mpanda, kuna taruma la reli lililochoka kubeba treni, likaletwa kubeba wazee. Mbele yake Marsela hutua jiko lake la mkaa, birika lake refu, ndoo ya vikombe visivyo na mkono, na sinia la kashata za karanga alizozifunika kipande cha chandarua kwa ajili ya nzi. Nzi walizuilika. Wazee hawakuzuilika. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na watu walikuwa wanaungoja mwaka elfu mbili kama unavyomngoja mkwe mkorofi: hujui atakuja na lipi, lakini unafagia uwanja. Marsela alikuwa amewauzia kahawa kwa miaka mingi kiasi kwamba alijua nani atakohoa kabla ya kusema uongo, na asubuhi hiyo walikuwa wanakohoa wote.

Alikuwapo Masalu, Msukuma wa ng'ombe, aliyeitwa Mnada kwa sababu hakosi mnada hata asipouza kitu. Alikuwapo Telesphor, Mfipa aliyestaafu reli, aliyeitwa Idhaa, maana habari ikishapita redioni haimalizi safari mpaka ipite mdomoni mwake. Alikuwapo Method, fundi baiskeli, kijana kuliko wote hapo ingawa kipara kilikuwa kimeanza kumkana; huyo walimwita Spoku. Na katikati yao, amevaa koti la safari kwenye jua lile, alikaa Mzee Felisiani, Mpimbwe wa mpunga na wa kanisa, ambaye tangu mwezi uliopita jina la Baba Suzana lilikuwa limemtoka akawa Mzee Kadi.

Kadi yenyewe ilikuwa kifuani, ndani ya mfuko wa shati, ndani ya plastiki, ndani ya leso. Binti yake Suzana, nesi, kabla hajaondoka kwenda kufanya kazi Botswana, alikuwa amempeleka Dar es Salaam akamfungulia akaunti, akamwekea pesa ya kutolewa mtoto wa jicho macho yote mawili. Treni ya Tabora ilikuwa inaondoka mchana huo. Akifika Dar aende kwenye mashine iliyo ukutani, aingize kadi, abonyeze nambari nne za siri, pesa itoke, apeleke hospitali. Asipoipata, arudi na ukungu wake. Nafasi ya daktari ilikuwa imeshikwa, na hakukuwa na nyingine karibuni.

— Redio imesema, alianza Telesphor, akipuliza kahawa. Huko duniani kuna wezi hawavunji mlango. Wanakaa na kompyuta nyumbani kwao, wanakunywa chai, wanakuibia benki. Inaitwa intaneti.

— Wanapitia wapi? aliuliza Felisiani, mkono ukienda kifuani wenyewe.

— Kwenye waya wa simu.

— Pesa ya noti ipite kwenye waya? Method alicheka. Idhaa, acha fiksi. Mimi waya wa breki tu ukiingia mchanga haupiti hata upepo.

— Haipiti noti. Linapita jina la noti.

Taruma zima lilitikisa kichwa kuheshimu neno hilo, maana hakuna aliyelielewa.

— Kumbe ni kama radi, alisema Masalu. Nyie Wafipa mnatuma radi kutoka Sumbawanga ikamchague mtu Mpanda katikati ya watu kumi. Hii intaneti mmeibuni nyie, mnatusingizia Wazungu bure.

— Radi ya Kifipa haiibi, Msukuma wee. Inadai.

— Sawa, inadai. Mimi nasema mwizi wa kadi ni mwizi wa ng'ombe tu. Huyo haanzi na zizi. Anaanza na alama ya sikio. Akishajua alama yako, anamkata ndama wake alama hiyo hiyo, kesho mnadani anakuambia huyu ni wangu. Dawa yake? Paka kadi mavi ya ng'ombe.

— Ili iweje? aliuliza Marsela.

— Mashine imjue mwenyewe kwa harufu. Mwizi wa mjini atainukia nini? Sabuni! Itamkataa.

— Na mimi je? alisema Felisiani kwa wasiwasi. Mimi nalima mpunga.

— Utakaa kwangu siku moja, ng'wanawane, utanukia vizuri.

Method alifuta mikono kwenye suruali, ishara kwamba ana hoja.

— Kufuli ya baiskeli, wazee, haizuii mwizi. Inamchelewesha tu. Kwa hiyo mzee, kadi yako uifunge na mnyororo kiunoni. Mwizi akivuta, avute na wewe.

— Na kwenye mashine nitaiingizaje?

— Unaingia na wewe.

Telesphor alikohoa. Marsela akajua inakuja.

— Msihangaike. Mwaka elfu mbili ukifika kompyuta zote zitapotewa na akili. Zitadhani Mjerumani bado anatawala. Mwizi akiulizia pesa ya Felisiani, ataambiwa Felisiani hajazaliwa. Utamwibiaje mtu ambaye hajazaliwa? Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Wahenga walikuwa hawasemi hivyo kuhusu hilo, alisema Marsela.

— Wewe ulikuwepo?

Felisiani aliinua kikombe, akaukosa mdomo kidogo, akakirekebisha. Macho yake yalikuwa yameshafika mahali pa kuona watu kama nguo zilizoanikwa. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekwisha kuwazidi wezi wote.

— Nyie semeni. Mimi nilishajikinga. Suzana aliniambia, baba, hiyo karatasi ya nambari isome, ikae kichwani, kisha uichome moto. Nikaisoma kwa shida, nikaichoma. Lakini nikajiuliza: mwizi akinikaba koo, si nitasema? Mimi mwoga. Kanisani nilitetemeka hata kusoma somo. Ndiyo maana nikafanya kama sanduku la kuzikana.

Pale mtaani kila mtu alikuwa analijua sanduku la chama cha kuzikana. Lina kufuli kadhaa na funguo zake ziko kwa watu mbalimbali, ili mmoja akishikwa na tamaa ya pesa ya sanda, asiweze kulifungua bila wenzake kuja. Felisiani aliona kufuli zile ndiyo hekima ya dunia nzima. Basi siku ile ile ya kuchoma karatasi alikuja kijiweni, akanong'oneza nambari moja sikioni mwa Masalu, moja kwa Telesphor, moja kwa Method, moja kwa Marsela. Kisha akajilazimisha kuzisahau, na katika kazi hiyo alifanikiwa kuliko kazi nyingine zote alizowahi kufanya. Leo alikuwa amekuja kuzikusanya kabla ya treni.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema kwa fahari, na nambari moja haifungui benki. Sasa nipeni zangu. Kila mtu aje na mzigo wake.

— Subiri kwanza kahawa ishuke, alisema Masalu. Treni haijapiga hata honi.

— Basi nisubiri. Na wala sina wasiwasi wa njiani, kuna mtu wa kunisindikiza. Yule Bwana Maiko.

— Maiko yupi? aliuliza Marsela.

— Yule mgeni wa gesti, mwenye viatu vinavyolia. Anafanya kazi ya kompyuta Dar. Ameniambia kadi ikikaa muda mrefu mbali na mashine inapoa, inakufa. Tukiwa ndani ya treni nitampa, atatangulia kushuka Dar, ataifufua, ataniletea hospitalini. Bure kabisa! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Marsela aliacha kupepea mkaa. Alimjua Maiko. Siku chache nyuma, wanaume wakiwa wamekwenda msibani, kijana yule alikaa peke yake kwenye taruma, akanywa taratibu, akamtazama mikono yake iliyoungua, akasema: mama, moto unabeba wewe, maji unabeba wewe, na bado wamekubebesha siri ya watu. Huchoki? Hapo kijiweni Marsela alikuwa ameulizwa kama kahawa iko, kama kashata iko, kama chenji iko. Kuchoka hakuwahi kuulizwa. Akamwambia nambari yake, na kashata akamwongeza.

Aliushika mpini wa birika mpaka ukamuuma.

— Mzee Felisiani, huyo mtu amekuuliza nambari?

— Hata moja! Nilimweleza nilivyozigawa, akasifia tu. Mstaarabu sana. Angeuliza, ningemshtukia.

— Na nyie, aliwageukia wengine. Hajawauliza?

Method alianza kukaza spoku ya baiskeli ambayo haikuwa na kosa.

— Spoku!

— Mimi sijamtajia, dada Marsela. Naapa. Alileta baiskeli ya kukodi nimzibie pancha. Akaanza utani: yako ni moja? Nikamwambia siyo. Ni mbili? Siyo. Alikuwa anachekesha. Tukaendelea hivyo hivyo. Alipofika penyewe mimi nikanyamaza. Kunyamaza si kusema!

— Ulikataa zote, ukanyamazia moja.

— Si ndiyo siri hiyo!

Felisiani alikuwa amefungua mdomo. Telesphor alimcheka Method, akampiga begani.

— Kijana, huna ubongo. Mtu akikuuliza, ndiyo ujue anatafuta. Mimi hakuniuliza kitu. Yeye alisema tu kwamba amesikia mimi nimepewa sifuri. Sifuri! Mtu mzima, nimepitisha treni miaka yote ile bila kuua hata mbuzi, nitunze sifuri? Nikamsahihisha. Habari ya uongo mimi siiachi ipite.

Alipomaliza kusema alisikia alichokisema. Mkono ukabaki begani mwa Method kama wa mtu anayetaka kushikiliwa.

— Idhaa umetangaza, alisema Masalu kwa furaha kubwa. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini wewe umeelemewa na nambari moja! Mimi huyo kijana alikuja kwangu kusifia maksai. Nikamkaribisha maziwa. Akasema, Mzee Masalu, nasikitika, nasikia nambari ya Idhaa ni kubwa kuliko yako. Nikamwambia nani amekudanganya? Juu ya yangu hakuna nyingine, labda uanze kuongeza sifuri. Akaondoka kimya. Nilimfunga mdomo.

Masalu aliwatazama mmoja mmoja, akavua kofia, akaitazama na yenyewe.

— Loo, alisema. Nimemfungulia zizi.

Ilikuwa imebaki moja. Wanaume wote waligeuka, na sura zao zilikuwa na tumaini la aibu: Marsela si mropokaji, Marsela anajua kufunga kinywa, moja ikisalia kadi imepona. Felisiani naye alimgeukia, akitazama kidogo pembeni ya mahali alipokuwa. Marsela angeweza kunyamaza. Wangemwita shujaa mpaka Krismasi, na yule mzee angemkabidhi kadi Maiko kwa moyo mweupe, ndani ya behewa, kabla hata hawajafika Kaliua.

— Na yangu anayo, alisema Marsela.

— Ulimwambiaje? aliuliza Method kwa sauti ndogo.

— Kwa mdomo. Aliniuliza kama nimechoka.

Telesphor, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu uhuru, alitazama vikombe vilivyo ndooni kama ndiyo kwanza anajua vinaoshwa na mtu.

— Sasa macho yangu? alisema Felisiani. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza kofia yake iko wapi. Kisha akaongeza: Suzana amekaa usiku na wagonjwa wa watu akijinyima. Nitamwambia nini? Kwamba nilizigawa kama kashata?

— Mnitume mimi, alisema Masalu, akipapasa fimbo. Huyo Maiko nitamkata alama ya sikio.

— Utakata nini, na maziwa umempa mwenyewe, alisema Marsela. Mzee wangu, sikiliza. Kadi unayo mfukoni?

— Ninayo.

— Basi bado hajaiba. Ana funguo, mlango hana. Usimpe.

Wakati huo Generosa, mke wa Felisiani, alikuwa anafika na kikapu cha njiani kichwani: viazi vya kuchemsha, kuku wa kukaanga, na chupa ya maji. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno mafupi. Aliwatazama wote, akaona nyuso za watu waliovunja chungu cha jirani.

— Nani amekufa?

Walimsimulia kwa zamu, kila mmoja akiharakisha sehemu yake na kupanua ya mwenzake. Generosa alishusha kikapu taratibu.

— Baba Suzana. Umempa nambari fundi baiskeli.

— Ndiyo, Mama Suzana.

— Umempa Mnada. Umempa mpaka Idhaa, ambaye ukimwambia unaumwa tumbo, jioni watu wa kule Katumba wanakuletea dawa. Na mimi ninayelala na wewe hukunipa hata moja?

Felisiani alikuna shingo ya koti.

— Mke wangu, nambari zilikuwa nne tu.

Method aligeuka upande mwingine, mabega yakimtikisika. Generosa hakucheka. Alinyoosha mkono, akaingiza vidole mfukoni mwa mume wake kama anayetoa kifaranga kwenye kiota, akatoa leso yote na plastiki yake, akaifunga pembeni mwa kitenge na fundo moja baya.

— Sikilizeni. Siku Suzana alipompeleka benki, mimi nilikuwepo. Walimpiga picha, wakamwekesha saini. Benki ile ina mlango, na ndani kuna watu, si mashine peke yake. Tutaingia mlangoni. Atasema, mimi ndiye Felisiani, huu ndio uso wangu, nambari yangu imeshakuwa ya mtaa mzima, nipeni nyingine. Wakishampa, ataniambia mimi. Nikifa nayo, basi wizi umeisha.

— Kwani na wewe unasafiri? aliuliza Felisiani.

— Sasa nasafiri. Kikapu nilikifunga cha mtu mmoja. Utakula kidogo.

Masalu alitoa mfukoni noti iliyokunjwa, akaisukuma kwenye kikapu chini ya viazi, akasema ni ya nauli na asitajwe. Telesphor alisema atawapeleka mwenyewe kwa mkuu wa behewa, bado anamjua, na kwamba hiyo habari hataitangaza. Method alikichukua kikapu akakifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira, akakaza mara mbili. Marsela alimmiminia Generosa kikombe.

— Umechoka, Marsela, alisema Generosa akipokea. Kaa.

Marsela akakaa kwenye taruma. Wanaume walisogea kumpa nafasi bila kuambiwa, jambo ambalo kijiwe kile hakijaliona kabla.

Ndipo wakasikia viatu vinalia kwenye changarawe. Alikuja Maiko, suti ya kaunda imepigwa pasi, begi dogo kwapani, tabasamu limetangulia mbele yake kama mbwa wa mwindaji.

— Shikamooni wazee wangu! Shikamoo mama! Mzee Felisiani, tuondoke, injini inapasha.

Badala ya marahaba, Masalu aliizungusha fimbo kidogo, mara moja tu, kama anayejaribu uzito wake. Maiko aliliona hilo, akaona na kitenge cha Generosa kilichofungwa fundo. Lakini mwizi naye ni binadamu: akishafika karibu, hawezi kuondoka bila kujaribu. Alichuchumaa mbele ya Felisiani, akashusha sauti iwe ya mtoto mwema.

— Mzee wangu, jambo dogo tu kabla hatujapanda. Hizi nambari za hawa wazee. Katika kuzipanga… ya kwanza ni ya nani?

Masalu alimtazama Telesphor. Telesphor alimtazama Method. Method alimtazama Marsela, na Marsela, aliyekuwa anakumbuka deni la kikombe kimoja la mwaka juzi, akajikuta hakumbuki. Kila mmoja alikuwa ameibeba nambari yake kwa uaminifu wote kama yai, na hakuna aliyewahi kuuliza yai lake ni la ngapi. Wote wakamgeukia mwenyewe.

Felisiani alicheka polepole, akanyoosha mkono mpaka akaupata uso wa yule kijana, akaupapasa shavuni kwa huruma ya mtu mzima.

— Mwanangu, alisema, siku ile nilinong'ona kwenye sikio lililokuwa karibu. Ningekuwa naona ni la nani, leo ningekuwa napanda treni kwenda kutibiwa nini?